Inshaallah ya mdomoni, vyeti vya kijana kwenye droo

 

Leo sitaandika juu ya kosa la mtu mwingine. Nitaandika kosa langu mimi, kisha kila msomaji aende akafungue droo yake mwenyewe atazame kuna nini.

Mwaka huu, wakati wakulima wa korosho wanapulizia salfa, nilipata msiba wa ndugu yangu huko Newala. Nikapanda basi la Kusini alfajiri. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukapita Nangurukuru, na tulipofika Mnazi Mmoja tukaiacha njia ya Mtwara tukashika ya Masasi. Mtama, Nyangao, kisha Nanganga, pale inapochepuka barabara ya kwenda Ruangwa. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba basi likisimama Nanganga madirisha yote hujaa mikono: mayai ya kuchemsha, mihogo, maji, na korosho zilizobanguliwa kwenye vifuko vya nailoni.

Mkono mmoja ukainuka mpaka dirishani kwangu. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngozi imebambuka. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anazijua alama hizo. Utomvu wa ganda la korosho unaunguza ngozi, na weusi wake hautoki kwa sabuni. Nikamsikia mwenye mkono anasema, "Shikamoo mjomba!"

Nilipomtazama usoni nikatamani basi liondoke. Alikuwa mtoto wa dada yangu wa ukoo. Nikaitikia marahaba, nikauliza hali ya wazazi, akasema hawajambo. Akanipa vifuko viwili vya korosho na akakataa pesa. Habari ya kazi hakuiuliza kabisa. Basi likaondoka, na mimi kutoka Nanganga mpaka Ndanda sikuweza kula korosho hata moja.

Bahasha ya kaki

Kijana huyo ana shahada ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili, na alimaliza chuo mwaka 2019. Ramadhani ya mwaka juzi, baba yake, yaani shemeji yangu, alikuja Dar es Salaam kwa matibabu. Siku ya kuondoka akanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na nakala za vyeti, barua ya maombi na picha mbili ndogo. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye mjomba wake. Uko mjini, unajuana na watu. Mtazame mwanao." Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema, "Inshaallah, shemeji. Hili niachie mimi."

Kwetu, kwa Wamakonde na Wamakua, mjomba si jina la heshima tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti katika jando lake, katika ndoa yake na katika shida zake. Kwa hiyo shemeji hakuwa ameniomba hisani. Alikuwa amenikumbusha wajibu wangu.

Bahasha ile niliitia kwenye droo ya meza ya ofisini, na humo ikakaa. Kila shemeji alipopiga simu nilimjibu, "Inshaallah, mambo yako njiani." Hapakuwa na jambo lolote njiani. Ukweli ni kwamba tangu siku ile ya kwanza nilijua sina uwezo. Mimi ni mtunza kumbukumbu za stoo. Simjui mtu yeyote katika ofisi inayoajiri walimu, na hata ningemjua, isingekuwa halali kumpitisha mtoto wangu mlango wa nyuma. Kwa nini basi nilisema Inshaallah? Kwa sababu niliona aibu kuonekana mdogo mbele ya shemeji. Nilitaka aondoke akiamini kwamba mjini mimi ni mtu.

Ndugu zangu, jambo hili tumelizoea mno. Ukitazama droo za Waislamu wengi wenye vikazi vyao mjini, utakuta bahasha za watoto wa ndugu, wa majirani na wa marafiki wa msikitini. Wenyewe wako Masasi, Tanga, Kigoma na Ujiji, wanangoja simu. Na wewe unajua kwamba hutapiga.

Hali ilivyo

Kwanza tuwaondolee vijana hawa tuhuma ya uvivu. Sisi wazee husema "vijana wa siku hizi wanachagua kazi". Wapo wanaochagua, sikatai. Lakini tuangalie hesabu. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Wengi tuliziona picha za majukwaa yaliyojaa vijana waliovaa suti na baibui, kana kwamba kuna mechi. Usaili wa walimu ulioanza Januari 2025 ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi 14,648. Katika kila waombaji 14, mmoja tu ndiye wa kupata. Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Mamlaka ya Mapato, nafasi 1,596, na walioomba walizidi laki moja.

Sasa kijana aliyekosa katika hesabu kama hiyo utamwambiaje kwamba ni mvivu? Zamani mwenye cheti cha ualimu alipangiwa shule hata kabla hajachoka kupumzika nyumbani. Leo shule zimetoa wahitimu wengi, vyuo vimetoa wahitimu wengi, na nafasi hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Na wengi wana deni la Bodi ya Mikopo juu yao, ambalo siku watakapopata mshahara litakatwa asilimia 15 kila mwezi.

Kwa hiyo kijana wa Nanganga anapokaa kwenye moshi akibangua korosho, kisha akakimbilia dirisha la basi, huyo amekwishafanya sehemu yake. Aliyekaa bila kufanya sehemu yake ni mimi niliyekaa kwenye kiti ndani ya basi.

Neno kubwa tulilolifanya dogo

Katika Suratul Kahf, Mwenyezi Mungu alimfundisha Mtume wake (s.a.w.) asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila ya kulifunga na matakwa ya Allah. Hayo ni mafundisho ya adabu. Mja ameazimia, amejipanga, ameshika njia, kisha anakiri kwamba utimilifu uko kwa Mola wake. Azma inatangulia, na Inshaallah inaipamba.

Sisi tumeigeuza. Kwetu Inshaallah limekuwa neno la kumwondoa mtu mlangoni bila ya kumwambia hapana. Mtoto akiomba viatu, Inshaallah. Fundi akiulizwa nguo itakuwa tayari lini, Inshaallah. Mhitimu akileta vyeti, Inshaallah. Moyoni hamna azma hata chembe, na ulimini tumelitaja jina la Mwenyezi Mungu. Je, huo si uongo? Na uongo uliofunikwa kwa jina la Allah si mzito zaidi? Mtume (s.a.w.) ametutajia miongoni mwa alama za mnafiki kwamba akiahidi huvunja ahadi. Nilipokumbuka hadithi hiyo ndani ya basi nilijiona nimetajwa kwa jina.

Na madhara yake si ya Akhera peke yake. Kijana aliyeambiwa "mambo yako njiani" hawezi kuondoka. Anaogopa kwenda kulima Nachingwea asije akaitwa. Anaogopa kuoa. Anaogopa kuanzisha duka. Uongo wangu wa adabu umekula miaka miwili ya umri wa mtoto wa dada yangu.

Niliyoyakuta kwa shemeji

Baada ya kuzika na kukaa tanga, nikarudi kwa njia ile ile, nikateremka Nanganga. Shemeji alinikaribisha vizuri, tukaswali Adhuhuri, tukala. Kisha akatoa jambo lililokuwa kifuani mwake.

Akasema kwamba kuna mtu mjini ameahidi kumpatia kijana nafasi ya kazi, na anataka milioni moja na laki mbili. Nusu itolewe kwanza, nusu baadaye. Shemeji hana fedha hizo. Alichonacho ni mikorosho. Amekwishazungumza na mtu wa kangomba.

Kwa wasomaji wasioijua Kusini, kangomba ni biashara ya watu wanaonunua korosho za mkulima kwa siri kabla hazijafika ghalani, mara nyingine mti ukiwa bado unachanua, kwa bei ya kutupa. Tangu mwaka 2007 Mtwara inatumia stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinakusanywa na kuuzwa kwa mnada. Katika minada ya mwanzo ya msimu Oktoba 2024 kilo moja ilivuka shilingi 4,000. Mtu wa kangomba alimwahidi shemeji chini ya nusu ya hapo, lakini taslimu, mkononi, leo. Yaani jasho la mwaka mzima wa familia, karo za wadogo zake na chakula cha masika, vyote viingie mfukoni mwa mtu asiyejulikana.

Kisha shemeji akaniuliza, "Wewe unasoma vitabu. Katika dharura kama hii, si inaruhusiwa?"

Ni swali la haki na linastahili jibu la haki. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Ni kweli kwamba wako wanazuoni waliosema kuwa mtu akizuiliwa haki yake kwa dhulma, na hana njia nyingine ya kuipata ila kwa kutoa kitu, dhambi inamwangukia mpokeaji. Lakini wao walizungumzia haki ambayo tayari ni yako, na ambayo kuichukua kwako hakumdhuru mwingine. Nafasi ya kazi inayoombwa na watu 14 bado si ya mmoja wao. Ukiinunua, umemwondoa mwingine, na huenda huyo ni yatima, huenda alikuzidi alama, huenda baba yake naye ana mikorosho mitatu tu. Hapo hakuna dharura ya kumhalalishia mtu.

Na hata tukiacha dini pembeni, ambayo haiachiki, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Tena maombi ya kazi za serikali yanapelekwa kwa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira bila malipo. Anayedai fedha ili akupitishe, ama ni mla rushwa ama ni tapeli, na kwa tapeli utapoteza dini na korosho kwa mpigo mmoja.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole maneno ambayo sitayasahau: "Basi shemeji, wewe ulisema niachie wewe. Nimekuachia. Huyu mwingine angalau ameniambia bei."

Ndugu zangu, niliinamisha kichwa. Maana nilikuja kumkataza shemeji rushwa, kumbe njia ya rushwa nimeifyeka mimi. Nani aliyemfundisha kwamba kazi hupatikana kwa kujuana na mtu wa mjini? Ni mimi, kwa Inshaallah yangu. Mtu wa bure aliposhindwa, akatafuta mtu wa kulipwa. Kila mmoja wetu anayejifanya ana mkono ofisini, hata kama hachukui senti, anawaandalia wala rushwa wateja.

Mpini wa shoka

Sasa tufanye nini? Wako wanaojibu haraka, "Vijana wajiajiri." Wanaisimulia hadithi ya Ansari aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba, akaambiwa akate kuni. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas (r.a.), lakini wengi huisimulia nusu. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwanza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo moja nzito na chombo cha kunywea. Mtume akavinadi mwenyewe mbele ya watu, mmoja akataja dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili. Dirhamu moja akaagizwa awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Aliporudi nalo, Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akampa siku 15 arejee. Akarejea na dirhamu 10.

Je, tumeiona kazi iliyofanyika hapo? Kuuliza hali, kutafuta soko, kutoa mtaji, kutia mpini, na kufuatilia baada ya siku kadhaa. Anayewaambia vijana "jiajirini" kisha akafunga kioo cha gari, amechukua maneno ya hadithi na kuacha mikono yake.

Na vijana nao wana la kujifunza. Nabii Musa (a.s.) alilelewa katika jumba la Firauni. Alipofika Madyan alikuwa hana kitu. Hakukaa kungoja kazi inayolingana na malezi yake. Aliwanywesheleza wanyama wasichana wawili bila ujira, akarudi kivulini, akamweleza Mola wake kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Kazi iliyokuja ilikuwa ya kuchunga, kwa miaka minane au kumi. Lakini tuangalie aliipataje. Mmoja wa wale wasichana alimwambia baba yake amwajiri, akamshuhudia kwamba ni mwenye nguvu na mwaminifu. Alishuhudia alichokiona kwa macho yake. Huo ndio ushahidi wa halali ambao kila mmoja wetu anaweza kuutoa: barua ya kweli, kwa mtu unayemjua kweli, juu ya kazi uliyomwona akiifanya.

Mengine yamo katika uwezo wetu. Kuna mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haina riba, kwa hiyo Muislamu hana udhuru wa kuikimbia. Lakini inataka kikundi, katiba na andiko la mradi. Je, misikiti yetu ya mjini ina wahasibu wangapi na wanasheria wangapi wanaoweza kukaa na vijana baada ya Alasiri wakawasaidia kuandika? Hiyo ndiyo kutia mpini.

Kwa kijana mwenyewe nasema: endelea kuomba kila tangazo linalokuhusu, maana huijui riziki yako iko wapi. Usinunue nafasi. Usiguse cheti cha kughushi. Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wengine walikuwa wameshakaa kazini miaka mingi. Na mjomba akikuambia Inshaallah, muulize kwa adabu: "Mjomba, utamwona nani, na lini?"

Droo imefunguliwa

Jioni ile, kabla sijapanda gari, nilimwita kijana nje, chini ya mwembe. Nikamwambia, "Mwanangu, sina kazi ya kukupa, na tangu mwanzo sikuwa nayo. Vyeti vyako sijampelekea mtu. Nisamehe." Akanyamaza kitambo. Nilidhani atalia au atakasirika. Akasema, "Ahsante mjomba. Sasa najua." Kisha akaongeza, "Kama utaweza, nitafutie wanunuzi wa korosho huko msikitini kwenu. Hapa barabarani bei ni ndogo."

Nikamkumbuka Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alipofika Madina hana kitu, Saad bin Rabii (r.a.) alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Mtoto wa dada yangu naye alikuwa ameniomba soko, na miaka miwili mimi nilikuwa namwahidi kiti.

Shemeji hakuniahidi lolote siku ile. Wiki iliyofuata alinipigia kunijulisha kwamba mtu wa kangomba alikuja na amerudi bila korosho. Sauti yake haikuwa ya furaha. Bado anataka kumwona mwanawe amesimama mbele ya darasa, na mimi pia nataka. Lakini msimu ukifunguliwa, mzigo wake utakwenda ghalani.

Bahasha nimeitoa kwenye droo na kumrudishia mwenyewe, pamoja na barua yangu inayosema ninachokijua juu yake: kwamba ni hodari na ni mwaminifu. Ijumaa iliyopita kilo sita za korosho zake ziliuzwa baada ya Swala, na pesa nilimtumia kabla ya Alasiri. Ijumaa ijayo ameahidi kuleta kumi. Nimemwambia nitakuwa pale mlangoni, Inshaallah, na safari hii nimekwishaomba ruhusa kwa imamu na meza nimekwishaipata.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, awape subira wazazi wao, na atusamehe sisi tuliolitumia jina Lake kufunika uzembe wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.